Uwanja wa Tinde Uliokula Ng'ombe

Siku mliponiaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani. Ahsanteni sana. Mtu aliyestaafu saa ya nini, mimi sijui, lakini inapiga vizuri na mke wangu ameipenda. Mkaniambia pia, "Mzee, tuandikie habari za kazi zako, na sisi tujifunze." Najua mlikuwa mnataka habari za madaraja. Madaraja yapo, nendeni mkayatazame, hayahitaji maneno yangu. Vyeo na mishahara navyo sitavigusa, maana vyeo vilikuja kwa kuchelewa na mishahara iliwahi sana kuisha. Nitawaandikia habari za uwanja wa mpira wa Tinde, ambao hamwezi kwenda kuutazama hata mkitaka.

Niliingia kazini, idara ya ujenzi ya serikali, miaka michache baada ya vita vya Hitler. Nilikuwa nimetoka Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako dhahabu sikuipata lakini kikohozi nilikipata cha kutosha. Nilikuwa na mke na mapacha, Kulwa na Doto, kwa hiyo watu waliniita Baba Kulwa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa fundi Rajabu, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mrefu aliyevaa kofia nyeupe ya kufuma hata kwenye vumbi, na kofia haikuchafuka. Pimamaji yake aliifunga kwenye kipande cha kanga na kuibeba kifuani kama mtoto mchanga. Alinifungulia, akanionyesha kile kiputo cha hewa ndani ya kioo.

"Kiputo hiki hakina ndugu," akasema. "Hakimjui mtemi wala mzungu. Kikisema upande huu uko chini, basi uko chini. Kazi yako ni mbili: kukiamini, na kufunga mdomo."

La kwanza nilijifunza upesi. La pili mke wangu bado analisubiri.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa lambo, yaani bwawa la kukingia maji ya mvua ili ng'ombe wanywe kiangazi. Siku zile serikali ilichimba malambo kila mahali Usukuma. Letu lilikuwa nje kidogo ya Tinde. Vibarua walichimba, tukainua kingo pande zote nne, na chini Rajabu akapasawazisha mpaka ungeweza kuandalia wageni chakula. Mvua ikanyesha, maji yakaingia, ng'ombe wakaletwa kwa shangwe. Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yameshaondoka bila kuaga. Chini palikuwa mchanga mtupu, na ardhi iliyanywa yote kabla ng'ombe hawajamaliza kushukuru. Lo! Watu wa Tinde wakapata msemo. Juu ya mtu asiyeweza kutunza siri waliambiana, "Usimwambie huyo, ni lambo la Rajabu." Fundi wangu aliusikia msemo huo sokoni, msibani, mpaka msikitini. Alikuwa anaumia, nami nilimwonea huruma.

Ndipo likaja jambo la uwanja.

Timu ya Tinde ilikuwa na vijana wazuri, ila uwanja haikuwa nao. Walifanya mazoezi kwenye malisho, na mechi walikwenda kuzicheza Shinyanga au huko mbali Geita, siku nzima juu ya lori. Wachimbaji wa Geita, watu waliotoka kila pembe ya Tanganyika, walitufunga kila mwaka. Mwaka mmoja, baada ya kutufunga, wakatucheka: "Ninyi mpira mnauchezea kwenye mavi ya ng'ombe!" Neno lile lilikuwa kweli, ndiyo maana liliuma. Mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, aliposikia akaapa kwamba Geita watakuja kucheza Tinde, kwenye uwanja wa Tinde, na kiangazi hicho hicho. Akaunda kamati, naye mwenyewe akawa mwenyekiti. Sisi tukaazimwa kutoka idarani, Rajabu na pimamaji, mimi na kamba.

Beki wa timu ile aliitwa Masanja. Alikuwa mtu mzima, si kijana tena, na goti lake la kulia, tofauti na lambo letu, lilikuwa linajaa maji. Kila aliporudi kutoka Geita alirudi akichechemea. Mama yake, mjane aliyeishi naye, hakuwahi kumwona akicheza. Aliwahi kupanda lori mara moja tu kwenda Shinyanga, akatapika njia nzima, akaapa kwamba hatapanda tena mpaka afe, na hata akifa wambebe kwa mabega. Basi siku tuliyokwenda kutafuta kiwanja, Mama Masanja akaniita pembeni.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia. Mayu kwa Kisukuma ni mama.

"Marahaba. Baba Kulwa, wewe umekaa Geita. Niambie kweli. Huyu mwanangu huko anakwenda kucheza, au anakwenda kunywa?"

"Anacheza, mayu. Ni beki hodari."

"Beki ndiyo nini?"

"Anawazuia wenzake wasipite."

"Wasipite waende wapi?"

Nikanyoosha mkono, nikaonyesha kwenye malisho. Akatikisa kichwa, kana kwamba ndilo jibu alilolitarajia.

"Unaona? Miaka yote anaondoka mzima anarudi kilema, mkononi hana hata mbuzi. Majirani wanasema ni pombe na wanawake. Mimi nasema mwanangu si mwongo, lakini nasema nikiwa sina hakika, na hilo linaniumiza usiku na mchana. Chukueni shamba langu la karanga. Leteni huo mpira hapa mbele ya macho yangu, niuone, nijue nimezaa mtu wa namna gani."

Hivyo ndivyo tulivyopata kiwanja. Masanja aliposikia mama yake ametoa shamba, alikuja kutushika mikono mimi na Rajabu. "Goti hili lina kiangazi kimoja," alisema. "Labda viwili, Mungu akipenda. Fanyeni haraka, ndugu zangu." Tukamwambia asiwe na wasiwasi, ni kazi ndogo.

Na kweli ilikuwa kazi ndogo! Mhandisi mzungu alikuja mara moja na darubini yake, akapigilia mambo, yaani vigingi vya kupimia, akasema nusu ya juu ikatwe kidogo, udongo wake ujaze nusu ya chini, basi. Akaenda zake Mwanza. Kamati ingeweza kuajiri vibarua wachache ikamaliza. Lakini mwanangwa alisema kuajiri vibarua ni aibu wakati kijiji kina vyama vya ngoma.

Ninyi wa siku hizi hamjui. Zamani kila Msukuma alikuwa wa upande mmoja wa ngoma, Bagika au Bagalu, na pande hizi zilishindana kucheza mbele ya umati. Upande uliovuta watazamaji wengi ndio ulioshinda. Vijana wao pia walilima kwa ngoma: majembe yanarushwa juu, yanadakwa, yanashuka ardhini pamoja, na kiongozi wao, nsumba ntale, anaimba mbele. Malipo yake ni dume la ng'ombe na ugali wa kushiba. Wakishika shamba asubuhi, jioni halipo. Kamati ikaita pande zote mbili ili pasiwe na lawama. Nusu ya juu wakapewa Bagika, nusu ya chini Bagalu.

Rajabu akawaeleza: Bagika wakate, wabebe udongo, wawape Bagalu wajazie. Jilala, nsumba ntale wa Bagalu, akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Fundi, nimekuelewa," akasema. "Bagika watachimba mbele za watu kama wanaume, halafu sisi tusimame tupokee takataka zao. Tuwe jalala la Bagika. Wake zetu wakituona tuwaambie nini?"

Nkwabi wa Bagika naye akadakia, "Na sisi udongo wetu hatuwapi. Kesho watasema uwanja ni wao, sisi tulikuwa wapagazi."

Mwanangwa akakata shauri hapo hapo: kila upande uchimbe nusu yake, na udongo utupwe nje.

"Lakini mwanangwa," Rajabu akasema, "nusu ya chini haina cha kuchimbwa."

"Watakitafuta," mwanangwa akajibu.

Wakakitafuta, na wakakipata. Siku ya kwanza ilikuwa ya Bagalu, na umati ulikuja kutoka kila upande, wengine mbali sana. Ngoma zikalia, majembe yakapaa, vumbi likawa wingu. Jioni tukaweka ubao na pimamaji. Kiputo kikasema Bagalu wako chini zaidi. Kwetu hiyo ilikuwa habari mbaya. Kwa Bagalu ilikuwa ushindi! Walimbeba Jilala mabegani. Bagika wakadai siku yao, ni haki yao, na dume lao, ni haki yao pia. Wakachimba. Tuliwawekea mambo ya kuwaonyesha waishie wapi, lakini nani atamsimamisha nsumba ntale katikati ya wimbo, wanawake wanapiga vigelegele? Wakapita mambo, wakayang'oa, wakatuletea wakiwa wamechangamka. Pimamaji ikawekwa. Sasa Bagika ndio waliokuwa chini. Bagalu wakadai siku yao.

Kiangazi kile chote kilikwenda hivyo. Kila siku ya kazi lilianguka dume, na waganga wa ngoma nao walitaka chao, maana hakuna upande ulioingia uwanjani bila dawa. Kamati ikapitisha mchango, ikapitisha mwingine, wa tatu ikauita wa mwisho, na wa nne ikauita nyongeza ya ule wa mwisho. Ng'ombe walitoka Tinde yote kwenda uwanjani na hakuna aliyerudi. Watu wakaanza kusema uwanja unakula ng'ombe kuliko fisi. Lakini hakuna aliyesema usimame, kwa kuwa nyama ile ilikuwa inaliwa na sisi wote. Hata mimi nilinenepa.

Mama Masanja alikuja kila siku. Udongo uliotupwa nje ulikuwa umekuwa tuta kubwa pande zote, naye alikaa juu yake na kigoda chake, anapiga makofi. Jioni moja akamwita mwanawe kwa furaha.

"Masanja! Kumbe mpira wenu mtamu hivi! Wewe uko upande gani, wa Nkwabi au wa Jilala?"

"Mayu, huu siyo mpira. Hapa wanatengeneza mahali pa kuchezea mpira."

Bibi akatazama ngoma, akatazama majembe, akamtazama mwanawe.

"Basi huo mpira wenyewe usije ukapaharibu," akasema.

Tulicheka sana, ila Masanja hakucheka. Mvua zikaja, watu wakaenda kulima, uwanja ukalala. Maji yalituama kidogo upande mmoja yakanywewa na mchanga, hatukuyatilia maanani. Kiangazi cha pili wakaanza tena pale pale walipoachia. Masanja alivumilia kwa muda, kisha siku moja akaingia kwenye kikao cha kamati nyumbani kwa mwanangwa bila kuitwa. Alikuwa na fimbo.

"Wazee wangu, samahani," akasema. "Mwaka jana nilikuja hapa natembea. Leo nimekuja na fimbo. Mwaka ujao mtanileta kwa machela, na uwanja huu bado mtakuwa mnashindana nani mkali wa kuchimba. Mimi sitaki kikombe. Nataka mama yangu anione mara moja tu, ajue kwamba sikumdanganya. Jamani, hata hilo ni kubwa?"

Machozi yalimtoka, mtu mzima yule, mbele ya wazee. Mwanangwa akatazama chini. Nkwabi na Jilala walikuwepo, nao wakatazama kila mmoja upande wake. Nilidhani Rajabu atafunga mdomo kama alivyonifundisha, lakini hakufunga.

"Kuchimba kumekwisha," akasema. "Shimo limefika kifuani. Sasa pale chini ni mchanga, mpira hautadunda. Panahitaji sakafu. Ninyi nyumba zenu mnazisakafia kwa kitu gani?"

"Udongo wa kichuguu," Jilala akasema.

"Basi leteni udongo wa kichuguu, mumwagie maji, mkanyage. Atakayekanyaga pakawa pagumu zaidi, huyo ndiye mshindi. Na kukanyaga hakushuki chini."

Ebo! Fikra ya namna hii haiji kila siku. Hata mwanangwa alisimama. Wakabomoa vichuguu vyote vya karibu, wakasomba udongo, wakamwaga, wakaloweka, wakaanza kucheza juu yake. Walicheza Bagika, wakacheza Bagalu, mpaka sakafu ile ukiigonga kwa kisigino inalia. Madume yaliendelea kuanguka, lakini angalau sasa kiputo kilikaa katikati, na kikabaki katikati. Rajabu alipiga magoti akakitazama muda mrefu. Nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu lile lambo.

Siku ya ufunguzi ilipangwa, ikasogezwa kwa sababu mganga wa Bagalu alikuwa safarini, ikasogezwa tena kwa sababu mganga wa Bagika alisema kama mwenzake alingojewa na yeye angojewe. Tulipofika siku yenyewe mawingu yalikuwa yameshajikusanya upande wa ziwa. Usiku wa kuamkia ufunguzi mvua ikanyesha, ile ya kwanza yenye hasira, na maji yote ya njia ya ng'ombe yakateremkia kwetu.

Asubuhi tulikuta milingoti ya magoli imesimama katikati ya maji. Maji yalifika magotini kila upande, sawasawa kabisa, yametulia, rangi ya chai ya maziwa, hayaendi popote. Udongo wa kichuguu uliokanyagwa na Usukuma nzima, maji yapite wapi? Ng'ombe wachache waliobaki Tinde walikuwa wameshafika na wanakunywa. Wanawake walikuwa wanachota. Lori la Geita likaingia, wachimbaji wakashuka, wakatazama, wakaanza kucheka mpaka wengine wakakaa chini. "Jamani, tumekuja na viatu, kumbe tungekuja na nyavu!"

Rajabu alisimama kwenye tuta na pimamaji yake kifuani. "Baba Kulwa," akaniambia polepole, "nilijenga lambo likakataa maji. Nimejenga uwanja, umeyakubali." Sikujua nicheke au nilie. Masanja yeye alikaa chini kwenye tope, viatu vimening'inia shingoni, ameinamisha kichwa. Mama yake alisimama karibu naye na kigoda chake mkononi, amevaa kanga mpya.

"Kwa hiyo leo napo hakuna," bibi akasema. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Hapo ndipo Rajabu aliponishika mkono. "Twende lamboni."

Lambo letu la aibu lilikuwa ng'ambo tu ya njia ya ng'ombe, mwendo ambao bibi aliuweza. Tulikimbia kwenda kuona. Mvua ile ile ilikuwa imenyesha humo usiku kucha, na ndani hapakuwa na hata kidimbwi. Mchanga ulikuwa umelowa kidogo, vumbi limetulia, chini pamenyooka vile vile Rajabu alivyopaacha, na kingo nne zimezunguka kwa ajili ya kukaa watu. Tulitazamana. Tangu nizaliwe sijawahi kuona uwanja mzuri kama ule.

Magoli yakang'olewa majini. Bagika wakabeba moja, Bagalu wakabeba jingine, kwa ngoma, wakishindana nani atafika kwanza. Mhandisi aliyekuwa amekuja kwa ufunguzi alifuata nyuma bila kuuliza kitu. Baadaye niliambiwa aliandika Mwanza kwamba huko Tinde lambo moja na uwanja mmoja vyote vimekamilika na vinatumika. Hakuandika uongo.

Mama Masanja tulimkalisha kwenye kingo, katikati kabisa, mimi kushoto kwake nimfafanulie. Hakunihitaji. Mara ya kwanza Masanja alipomzuia mshambuliaji wa Geita, akaniuliza, "Ndiyo kuzuia huko?" Nikasema ndiyo. Akanishika mkono, na kila mpira ulipokwenda upande wa mwanawe alinifinya. Masanja alicheza kwa mguu mmoja na nusu. Alianguka, akasimama. Akapitwa, akafukuza. Walitufunga, kama kawaida, mabao mangapi sikuyahesabu wala sitaki kukumbushwa. Karibu na mwisho, jitu moja la Geita likamkanyaga kwenye lile lile goti, naye akapiga yowe lililosikika mpaka sokoni.

Nilihisi mkono wangu umeachwa. Bibi alikuwa ameshateremka kingo, kigoda juu, anakwenda moja kwa moja kwa lile jitu. Mwalimu aliyekuwa refa akapiga filimbi, akapiga tena. Bibi hakujua filimbi inasema nini, na hata angejua nadhani angeendelea. Jitu la Geita, mchimbaji asiyeogopa mwamba kumwangukia, lilikimbia, na umati wote, Bagika kwa Bagalu, ukasimama ukishangilia kwa sauti moja. Mechi ikaishia hapo.

Tulimkuta bibi amepiga magoti kwenye mchanga, kichwa cha mwanawe mapajani, anamfuta jasho kwa kanga mpya. Masanja alikuwa analia, na sidhani ilikuwa kwa sababu ya goti, ingawa goti lile halikucheza tena.

"Mayu, umeniona?"

"Nimekuona. Hivi ndivyo wanavyokufanya kila mwaka?"

"Ndiyo, mayu."

"Na kila mwaka unarudi tena?"

"Ndiyo, mayu."

Bibi akampapasa goti polepole, akatikisa kichwa, kisha akatugeukia sisi wote tuliosimama pale, majirani zake wakiwemo.

"Basi ni mpira kweli," akasema. "Ingekuwa pombe, angeshaiacha."